Herufi ya Mwisho

Darasa lilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifungo.
Mwalimu Iñaki, mtu wa kaskazini kwenye mvua,
alitamka kila *s* kama anayehesabu sarafu
mbele ya mdai asiyemwamini.
*Las casas. Los barcos. Nosotros somos.*
Tuliitikia: Mpolandi mmoja, dada wawili wa Kikorea,
na mimi, na kalamu zangu tatu za uwanja wa ndege.

Kisha nilishuka ngazi, nikakata kona ya La Viña,
na zile *s* zote zilikwisha kuliwa.

Bi Eulalia, mwenye nyumba, alinipokea kwa *bueno día*,
akaniuliza kama nataka *do huevo*,
nikabaki jikoni na kamusi mkononi
kama mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba nyingine.

Siku ya nne nilitamani mapera.
Nikaenda kwa Curro wa matunda, nikaagiza *peras*,
kwa *s* nzito, *s* ya darasani, kifua mbele:
neno hili nimelijua kabla sijaota magego.
Akanipimia kilo mbili za kitu cha kijani chenye shingo,
kimajimaji, bila hata mbegu moja ya kukwama menoni.
Niliyala yote. Ningesema nini?
Neno lilipanda meli zamani, bila kuaga,
likashukia kwetu, likapewa tunda jingine kulea.

Upepo wa Levante ulifika Jumanne, ukakaa siku sita.
Ulichukua taulo langu, sijui ulilipeleka Afrika au wapi.
Pale Cádiz wanausingizia kila kitu:
kipandauso, mkate usioumuka, ndoa ya mpwa wa Curro.
Nami nikausingizia mtihani wangu,
arobaini na moja kwa mia.

Alhamisi Iñaki aligawa ubao kwa mstari.
Huku *ser*, alisema, mambo ya kudumu: jina, kabila, urefu.
Kule *estar*, mambo ya kupita: uchovu, baridi, supu ikiwa moto.
Nikacheka kimoyomoyo. Hii *ni*, ile *yuko*.
Kwa mara ya kwanza nilimaliza zoezi kabla ya Wakorea.

Jioni nilikuwa namenya vitunguu saumu.
Bi Eulalia alinikuta naangalia picha juu ya friji,
mwanamume mwenye masikio makubwa, kashika tikiti maji
kama mtoto wa kubatizwa.
*Fermín*, akasema. *Etá muerto.*
Está. Upande wa supu.

Nilimpelekea Iñaki swali hilo asubuhi:
kama *estar* ni ya mambo ya kupita,
mbona mfu yuko humo, pamoja na uchovu na baridi?
Alikuna ndevu. Alitazama mstari wake ubaoni.
Akasema, ndivyo ilivyo,
na baba yake pia, akaongeza, *está*,
kisha akafuta ubao, ingawa saa haijaisha.

Mwezi wa sita alinipa sitini na nane
na maelezo kwa wino mwekundu: *Unakula s.*
Kweli nakula. Nimetoka kwa watu
ambao neno haliishi mpaka mdomo uwe wazi,
nami mtaa mzima wa La Viña ulinipa ruhusa.

Usiku wa mwisho Bi Eulalia alikaanga samaki wadogo,
wale wa kuliwa na vichwa,
akaniuliza kwa kidevu, akiionyesha picha:
kwenu mnasemaje?
Nikawaza marehemu, nikawaza maiti, nikayaacha.
Hayupo, nikasema.
Tunasema hivyo hata kwa aliyekwenda dukani.

*Hayupo*, akasema,
sawasawa, mara moja tu.
Halikuwa na cha kumeza.
Akageuza samaki. Akauliza kama nimelipa maji.